Tunda Kavu Ndani ya Glasi: Mhadhara juu ya Kuonja na Kueleza Divai Nyekundu

Hoja nitakayoitetea hapa ni moja. Divai nyekundu inaponukia tunda kavu, iwe zabibu kavu, tende, tini au plamu iliyokaushwa, tusikimbilie kuisifu wala kuikataa. Harufu hiyo ni ushahidi. Inatuambia kwamba mahali fulani, kabla divai haijatufikia, maji yalipungua, au joto lilizidi, au hewa iliingia na miaka ikapita. Muonjaji anayeishia kusema "hii inanukia zabibu kavu" ameifanya kazi nusu. Nusu iliyobaki ni kusema ukavu huo ulitoka wapi: mzabibuni, juu ya chanja, au ndani ya chupa. Nasema pia kwamba mtu wa Mwansabombwe, wa Nchelenge na wa Kashikishi, hapa Luapula, kaskazini mwa Zambia, anaweza kuifanya kazi hiyo sawasawa na mtu wa Verona au Bordeaux, tena ana sababu kubwa zaidi ya kuifanya, maana divai anayouziwa yeye imepita njia ndefu na yenye joto kuliko ile wanayokunywa wao.

Wengi hudhani kukausha ni kuondoa maji tu. Ufukwe wa Ziwa Mweru unajua kwamba sivyo. Chisense, samaki wadogo ambao Mtanzania angewaita dagaa, huanikwa mchangani, na jua la kiangazi likiwaka sawasawa hukauka upesi. Ukiwapika baada ya hapo, mchuzi wao hauwi mchuzi wa chisense wabichi waliorudishiwa maji. Una harufu yake, una chumvi yake, una uzito ambao ubichi haukuwa nao. Na wale walionyeshewa kabla hawajakauka hakuna mama sokoni anayewaita wakavu, hata kama mwishoni maji yaliwatoka. Pua yake imekwisha kuamua kabla mkono haujawagusa. Zabibu nayo iko hivyohivyo. Kukauka hukusanya kilichokuwemo, huzaa kisichokuwemo, na mpaka kati ya kukauka na kuoza ni mwembamba, lakini unanusika.

Tuanze na mzabibu wenyewe, na shamba la jirani. Dodoma, katikati ya Tanzania, inalima zabibu za divai tangu wamisionari wa Kikatoliki walipopanda mizabibu huko Bihawana. Leo kuna kituo cha utafiti cha Makutupora, chini ya taasisi ya utafiti wa kilimo ya TARI, na jina hilohilo la Makutupora ndilo la zabibu nyekundu inayojulikana sana kwa wakulima wa huko. Dodoma haina majira ya baridi kali ya kuulaza mzabibu. Anayeulaza ni mkulima, kwa kupogoa, na kwa sababu hiyo anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Mavuno ya kiangazi ndiyo yanayotuhusu hapa. Hakuna mvua ya kulijaza tunda maji, jua halina wingu, na tunda likikaa mtini wiki moja au mbili zaidi ya kuiva kwake, maji hupenya ganda na kutoka, sukari hupanda, na sehemu ya uchachu, hasa ule wa asidi ya maliki, huungua ndani ya tunda lenyewe kwa joto. Harufu nayo huhama: kwanza tunda bichi, kisha tunda lililoiva, kisha jamu, kisha zabibu kavu. Atakayeonja divai ya namna hiyo atakuta utamu mdomoni hata kama sukari yote imekwisha kuwa kilevi, atakuta joto kooni, na atakuta uchachu umelegea.

Kuna jambo hapa linalonigusa zaidi ya kemia yake. Magazeti ya Tanzania yameandika tena na tena juu ya wakulima wa Dodoma ambao zabibu zao ziliiva na mnunuzi asitokee. Wapo walioamua kukamua wenyewe na kuhifadhi mchuzi wa zabibu kwenye matangi, wakingoja kiwanda kinunue. Kwa hiyo tunda lililokaukia mtini linaweza kuwa limekaushwa kwa makusudi na mtengenezaji aliyetaka divai nzito, au limekauka kwa sababu lori halikuja. Je, glasi inaweza kutofautisha? Mara nyingi inaweza. Tunda lililongojwa kwa hiari huchaguliwa, kichala kwa kichala, na ukavu wake ni safi. Tunda lililongoja bila kupenda huja na wageni: ukungu, nyuki na nyigu waliotoboa maganda, na bakteria wa siki walioingia kwenye matundu hayo. Pembeni ya zabibu kavu utanusa siki, au udongo wa chumba kisichofunguliwa madirisha. Muonjaji anayejua hivyo hamdharau mkulima. Anajua kwamba kasoro iliyomo ndani ya glasi ilianzia kwenye soko.

Njia ya pili ni chanja. Karibu na Verona, kaskazini mwa Italia, kwenye vilima vya Valpolicella, zabibu za Corvina na ndugu zake huvunwa zikiwa nzima, hazijasinyaa, kisha hulazwa juu ya chanja katika maghala yenye upepo, muda wa miezi mitatu au minne ya baridi. Hupoteza theluthi moja ya uzito wake au zaidi. Ndipo zinakamuliwa, na divai inayotoka, Amarone, kisheria haipungui asilimia 14 ya kilevi na mara nyingi huzidi 15. Desturi yenyewe ni ya zamani: Cassiodorus, waziri wa wafalme wa Wagoti nchini Italia katika karne ya 6, aliandika barua akiagiza divai ya namna hiyo kutoka sehemu zile, na zaidi ya miaka elfu moja kabla yake mshairi Mgiriki Hesiod alikwisha kueleza jinsi ya kuanika zabibu juani. Cyprus mpaka leo hutengeneza Commandaria kwa zabibu zilizoanikwa.

Tofauti ya chanja na mti ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Juu ya chanja tunda halipigwi jua, liko kwenye ubaridi, na bado li hai: watafiti waliochunguza Corvina inayokaushwa wameona chembe zake zikiendelea na kazi, vinasaba vikiwaka na kuzimika, wiki baada ya wiki. Maji yanapotoka, uchachu hukusanyika pamoja na sukari badala ya kuungua. Kwa sababu hiyo divai nzuri ya chanja humpa muonjaji vitu viwili ambavyo jua la mtini humpa kwa nadra pamoja: tunda kavu, na uchachu unaoamsha mate. Ongeza uchungu kidogo mwishoni, kama wa ganda la zabibu kavu uking'ata polepole, na ukakasi unaoshika ufizi bila kuukwangua. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sura bora kabisa ya ladha hii.

Njia ya tatu ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wa Luapula, nayo ni chupa. Divai changa yenye harufu ya tunda bichi, ikipata hewa na joto, huanza kunukia plamu kavu. Hili si suala la hisia tu. Mwaka 2008 watafiti wa Bordeaux, Alexandre Pons na wenzake, walichunguza divai nyekundu zilizozeeka kabla ya wakati wake, na kati ya mamia ya kemikali wakaitenga moja, inayoitwa kwa kifupi MND, kuwa chanzo kikuu cha harufu ile ya plamu kavu. Kiasi kinachotosha kunusika ni kidogo mno, huhesabiwa kwa nanogramu katika lita. Kadiri oksijeni inavyoifikia divai, ndivyo kemikali hiyo inavyoongezeka.

Sasa tuitazame barabara. Divai nyingi zinazouzwa Zambia zinatoka Afrika Kusini. Kutoka Cape Town hadi Lusaka ni karibu kilomita 3,000 kwa lori, kisha kutoka Lusaka kuja hapa ni karibu kilomita 1,000 nyingine. Wataalamu hushauri divai itunzwe kwenye nyuzi 12 hadi 15 za sentigredi. Oktoba huku kwetu kivuli chenyewe hupita 30, sembuse ndani ya lori lililofungwa turubai, au kwenye rafu iliyo juu kabisa, chini ya bati. Kanuni ya kawaida ya wanakemia ni kwamba joto likipanda nyuzi 10 kasi ya mabadiliko mengi ya kikemia huongezeka karibu mara mbili, kwa hiyo miezi michache ya rafu ile inaweza kuizeesha divai kama miaka ya pishi. Divai ya boksi iko hatarini zaidi, kwa sababu mfuko wa plastiki uliomo ndani hupitisha hewa kidogokidogo. Watengenezaji wenyewe huipa maisha ya miezi, si miaka. Divai iliyotoka kiwandani ikinukia zambarau na matunda ya porini inafika dukani Kashikishi ikinukia plamu kavu, na mnunuzi akiambiwa kwamba hiyo ndiyo ladha ya divai iliyokomaa, anakubali. Hapo ndipo maelezo mabaya yanapomgharimu mtu kwacha zake.

Basi tuisome glasi. Mimina kiasi kidogo, kisizidi theluthi. Iinamishe juu ya karatasi nyeupe, mchana, mbali na balbu ya manjano, utazame ukingo pale divai inapokuwa nyembamba kama utando. Ukingo wa zambarau kwenye divai yenye harufu ya zabibu kavu unaelekeza kwenye mti au chanja: divai bado ni changa, kilichokauka ni tunda. Ukingo wa rangi ya matofali au kahawia unaelekeza kwenye muda au joto. Kisha soma mwaka ulioandikwa kwenye karatasi ya chupa. Kahawia kwenye divai ya miaka kumi na tano ni mvi za haki. Kahawia kwenye divai ya miaka miwili ni malalamiko. Itazame shingo ya chupa pia: kizibo kilichosukumwa juu, au alama ya kunata pembeni yake, vinaonyesha kwamba divai ilipanuka kwa joto. Chupa yenye mfuniko wa kuzungusha huificha dalili hiyo, na kwayo utategemea pua peke yake.

Pua nayo isiulizwe swali moja tu. Swali la kwanza ni kama tunda kavu liko peke yake. Divai iliyokauka vizuri, shambani au kwenye chanja, karibu kila mara ina tunda bichi lililobaki, hata kama ni kwa mbali: cheri, zambarau, ganda la chungwa, pilipili manga. Divai iliyochomwa na bati ina plamu kavu, nyuma yake ina sukari iliyoungua, na nyuma ya hapo hakuna kitu. Swali la pili ni tunda gani hasa. Zabibu kavu ina utamu wa wazi na uchungu mdogo wa ganda. Tende ni laini, ina asali na karameli, na mara nyingi huashiria pipa na muda. Tini kavu ina kitu cha majani ndani yake. Plamu kavu ni nyeusi, ina uchachu chini, na ndiyo ya kutiliwa shaka zaidi, kwa sababu nilizozitaja. Ukwaju, ambao waonjaji wa Ulaya hawautaji sana kwa kuwa hawakukua nao, unaeleza vizuri kuliko neno lao lolote ile divai ya chanja ambamo ukavu na uchachu vimeshikamana. Swali la tatu ni la mdomo: baada ya kumeza au kutema, kinachobaki ni ladha au ni joto la kilevi tu? Ladha ikidumu na mate yakitoka, ushahidi ni mzuri. Ikikatika upesi na koo likabaki linawaka, zabibu ile ilikauka ikapoteza zaidi ya ilichopata.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni maneno ya watu wanaojidanganya. Watataja jaribio la Frédéric Brochet, lililochapishwa mwaka 2001, ambamo wanafunzi 54 wa elimu ya divai huko Bordeaux walipewa divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha, nao wakaieleza kwa maneno ya divai nyekundu. Pingamizi hili ni zito na halifai kupuuzwa. Lakini tulitazame linathibitisha nini. Linathibitisha kwamba jicho huitawala pua pale linapopewa nafasi. Halithibitishi kwamba pua haina lake. Kama zabibu kavu na plamu kavu zingekuwa ndoto za waonjaji, watafiti wa MND wasingeweza kuanza na divai ambazo pua za watu ziliziona zina plamu kavu wakaishia kwenye kemikali moja inayopimika. Fundisho la Brochet kwetu ni la utaratibu: nusa kwanza kwenye kikombe kisichoonyesha rangi, andika ulichonusa, kisha ndipo utazame ukingo. Mpangilio nilioueleza juu kidogo, jicho kwanza, ni wa mnunuzi anayekagua chupa. Anayetaka kuipima pua yake na augeuze.

Pingamizi la pili ni la utamaduni. Lugha ya divai, wanasema, ni ya wageni. Mtu wa Luapula aseme plamu kavu vipi kama hajawahi kuila? Jibu langu ni kwamba asiseme. Gurudumu la harufu la divai, lililotengenezwa na Ann Noble wa Chuo Kikuu cha California, Davis, mwaka 1984, lina sehemu ya matunda makavu yenye zabibu kavu, plamu kavu na tini. Lakini Noble hakuwaambia watu wakariri maneno. Alitaka kila neno liwe na mfano wake wa kunusa: kitu chenyewe kinatiwa kwenye divai ya kawaida isiyo na makeke, glasi inafunikwa, kisha watu wananusa mpaka wakubaliane. Utaratibu huo hauhitaji maabara. Zabibu kavu ziko madukani, tende huonekana zaidi mwezi wa Ramadhani, ukwaju upo. Na msitu wa miombo una masuku, ambayo yakiiva sana mpaka ganda likaanza kusinyaa yana utamu wa asali na ukavu wa karanga, na una mpundu, ambayo wengine Tanzania huiita mbura, tunda linalokuita kwa harufu kabla hujaliona chini ya mti. Meza moja, glasi sita zilizofunikwa, na kundi la watu wanaokubaliana kwamba hii ni tende na hii ni masuku: hapo lugha imepatikana, na ni yao.

Wala tusidanganywe kwamba kunusa na kutaja ni kipaji cha mataifa fulani. Mwaka 2014 Asifa Majid na Niclas Burenhult walichapisha utafiti juu ya Wajahai, wawindaji wa misitu ya rasi ya Malaya, ambao hutaja harufu kwa wepesi uleule wanaotajia rangi, wakati wasemaji wa Kiingereza waliopewa harufu zilezile walibabaika. Na hapahapa, anayekunywa kinywaji cha munkoyo anajua kwa ukali wake kama ni cha jana au cha juzi. Anayevuta pombe ya katubi kwa mrija anajua ulezi umekwisha kumwagiwa maji ya moto mara ngapi. Wakati wa sherehe ya Umutomboko, mwezi wa Julai, chifu wetu mkuu, Mwata Kazembe, anapoletewa vinywaji na vyakula vya heshima, hakuna mpishi wa pombe anayethubutu kupeleka kilichoharibika, maana pua za kuhukumu zimejaa uwanjani. Kusoma historia ya kinywaji kwa ladha yake ni elimu ambayo nchi hii inayo tayari. Kilichobadilika ni tunda tu.

Pingamizi la mwisho ni la maadili, nami nalichukua kwa uzito wake. Divai za tunda lililokaukia mtini au juu ya chanja mara nyingi huwa kali kuliko divai nyingine nyekundu, na utamu wake huficha ukali huo. Divai ya Dompo ya Dodoma na divai tamu za Cape zilizoongezwa kilevi hunyweka kama sharubati na kuangusha kama pombe kali. Wapo wasiokunywa kwa dini yao, na wapo walioacha kwa afya yao, na hakuna neno katika mhadhara huu linalowaomba wabadilike. Lakini kwa anayekunywa, kujua kuonja ni kinga. Muonjaji hunywa kidogo, hutema, huandika, hulinganisha. Anayejua kwamba ladha ya zabibu kavu mara nyingi huandamana na asilimia 15 hatamimina glasi ya pili kwa kasi ya ile ya kwanza.

Kwa hiyo nawaomba mambo mawili, tena ya leo. Wenye maduka wa Mwansabombwe, Nchelenge na Kashikishi: ishusheni divai kutoka rafu za juu, iwekeni chini kabisa, upande wa ukuta usiopigwa jua la alasiri, na boksi zilizopita mwaka ziondoeni. Wanunuzi: mkifungua chupa ya miaka miwili mkakuta ukingo wa kahawia, plamu kavu isiyo na tunda jingine pembeni, na ladha inayokatika upesi, msiambiwe kwamba imekomaa. Imeungua. Irudisheni ikiwa bado imejaa, na mdai fedha zenu.